Mwanya Kati ya Mito Miwili: Jiografia na Historia ya Busia, Mpakani mwa Kenya na Uganda

Iko miji ya mpakani iliyozaliwa na mto, daraja au bandari. Busia ilizaliwa na ukosefu wa mto. Mpaka wa Kenya na Uganda, unapotoka Ziwa Viktoria, hupanda na mto Sio hadi unapokutana na mto mdogo wa Sango, kisha huufuata Sango hadi chanzo chake. Kaskazini zaidi, mpaka huohuo hushuka na kijito cha Alupe hadi mto Malaba, na kupitia Malaba na Lwakhakha huelekea kilele cha Sudek katika Mlima Elgon. Lakini kati ya chanzo cha Sango na chanzo cha Alupe hakuna maji ya kufuata. Hapo mpaka ni mistari iliyonyooka baina ya nguzo, juu ya ardhi kavu inayolimika na kujengeka. Barabara ilipita katika mwanya huo, soko likaifuata barabara, na kando ya soko ikakua miji miwili yenye jina moja.

Makala haya yanatetea hoja kwamba mwanya huo ndio ufunguo wa historia ya Busia, na kwamba sera zinazoitazama Busia kama lango la kupitishia malori zinasahau kwamba ni makazi yaliyokatwa na mstari. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Lango hufungwa na kufunguliwa kwa amri. Makazi yakifungwa, kuna mtu anayetenganishwa na shamba lake, soko lake au mama mkwe wake.

Ardhi kabla ya mstari

Eneo linalozungumziwa ni uwanda wa mabonde ya kina kifupi, na upande wa kusini-magharibi, kuelekea ziwani, vimesimama vilima vya Samia. Vilima hivyo vina mawe yenye chuma. Wahunzi wa Kisamia walikuwa mashuhuri kwa majembe yao, na jembe la Samia lilifika mbali kuliko Msamia mwenyewe: liliuzwa, likabadilishwa kwa nafaka na mifugo, na likatolewa mahari. Kwa hiyo biashara haikuletwa hapa na wakoloni wala na forodha. Mapito ya majembe yalikata uwanda huu kabla mtu yeyote hajachora ramani yake.

Wakazi wake pia hawakuwa wa asili moja. Wasamia, Wabagwe na Wakhayo huzungumza lahaja zinazokaribiana za Kibantu. Iteso, wenye lugha ya Kinailoti, waliteremka kutoka kaskazini katika karne ya 19 na kuenea kuanzia Tororo hadi Amukura. Wapadhola, ambao ni Waluo, waliishi tayari upande wa Tororo. Mgeni anayesoma ramani ya leo huweza kudhani kwamba mchanganyiko huu ni zao la mpaka. Mambo ni kinyume: mpaka ulikuta mchanganyiko, ukaupitishia kisu.

Kiswahili nacho kiliutangulia mpaka. Misafara ya pwani ilikuwa imefika kwa Wawanga, mashariki mwa Busia, kabla ya Waingereza. Mji uitwao leo Mumias ulijulikana kwa wapagazi na wafanyabiashara wa pwani kama Kwa Sundu, kutokana na Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Umbo hilo la jina, yaani «kwa» likifuatwa na jina la mtawala, ni alama ya wazi ya lugha ya misafara. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, akielekea ufukwe wa ziwa katika nchi ya Wasamia, alifuata watu na njia zilizokwisha kuwa na majina ya Kiswahili.

Mstari na waliouchora

Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Shabaha kubwa ilikuwa kuiweka reli, iliyokuwa imefika Kisumu mwaka uliotangulia, chini ya utawala mmoja. Wasamia na Iteso hawakuulizwa, na haingetarajiwa waulizwe. Kwa waamuzi wa London suala lilikuwa la vyuma na mabehewa. Maelezo kamili ya mpaka yalitolewa katika Amri ya Mipaka ya mwaka 1926, na ndiyo yaliyotaja kwa utaratibu Sio, Sango, Alupe na Malaba. Katiba ya Uganda ya 1995 ilirithi maelezo ya aina hiyohiyo katika Jedwali lake la Pili, na Amri hiyo ya 1926 ndiyo iliyofunguliwa tena wakati wa mzozo wa kisiwa cha Migingo.

Kwa wakazi, mstari ulianza kuwa na maana kupitia machifu. Upande wa mashariki, Waingereza walitawala kwa mkono wa ukoo wa Nabongo Mumia. Murunga, ndugu yake, aliwekwa juu ya Iteso ambao hawakumchagua wala hawakumpenda. Upande wa magharibi, Semei Kakungulu na mawakala wake wa Kiganda walikuwa wameanzisha mfumo wao. Hivyo jamii moja ilijikuta na mabwana wawili, kila mmoja mgeni kwa namna yake, na baadhi ya Iteso waliochoshwa na Murunga wakavuka kwenda upande wa Uganda. Hapa ndipo mpaka ulipopata kazi ambayo haukukusudiwa: ukawa kimbilio. Kazi hiyo haijaisha. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu walivuka Busia na Malaba, wakapokewa katika kambi ya Mulanda, Tororo.

Mgawanyo wa kiutawala uliofuata unaweza kuelezwa kwa ufupi. Upande wa Kenya, eneo hili lilikuwa sehemu ya Nyanza Kaskazini, kisha Elgon Nyanza, hadi Wilaya ya Busia ilipoundwa mwaka 1963. Tangu 2013 ni Kaunti. Upande wa Uganda, kaunti ya Samia-Bugwe ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997 ikawa Wilaya ya Busia. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la Samia-Bugwe lilitaja watu, ilhali jina lililochukua nafasi yake lilitaja mji wa mpakani.

Reli haikupita Busia. Njia ya kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba, ikaingia Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa mji wa makutano ya reli na baadaye wa saruji. Busia ikabaki mji wa barabara, yaani wa basi, baiskeli na miguu.

Kijiji cha Kijerumani kama kioo

Ulinganisho mmoja kutoka mbali unasaidia. Mödlareuth ni kijiji kidogo cha wakulima nchini Ujerumani chenye wakazi wapatao hamsini, kinachopitiwa na kijito cha Tannbach. Mwaka 1810 mawe ya mpaka yaliwekwa kando ya kijito hicho kugawa himaya ya Bavaria na ile ya Reuss. Kwa zaidi ya karne moja mawe hayo hayakuwa na uzito mkubwa: watu walioana na kulima pande zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kijito kikawa mpaka wa kanda ya Marekani na ya Kisovyeti. Uzio ulijengwa mwaka 1952, ukuta wa zege wa mita 700 mwaka 1966, na kijiji kikaitwa Berlin Ndogo. Njia ya kuvuka ilifunguliwa Desemba 1989, na ukuta ukabomolewa Juni 1990. Hata hivyo Mödlareuth bado imo katika majimbo mawili, na mpaka leo husemwa kwamba upande mmoja husalimiana kwa «Grüß Gott» na upande wa pili kwa «Guten Tag».

Mafunzo yake kwa Busia ni mawili, nayo yanavutana. Kwanza, mstari huo mmoja unaweza kuwa jiwe la kukalia au ukuta wa kufia, kulingana na dola zilizo nyuma yake. Pili, Mödlareuth ilikuwa na kijito cha kuufanya mpaka uonekane kama kazi ya maumbile, nayo Busia, katika mwanya wake, haina kisingizio hicho.

Maneno yaliyozaliwa mwanyani

Mtafiti anayetaka kujua jinsi wakazi walivyouelewa mstari atapata zaidi katika msamiati kuliko katika mafaili. Baina ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na umbali ambao si mrefu kwa gari lakini ni mrefu kwa mtu mwenye gunia kichwani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walianza kuwabeba abiria katika umbali huo wakinadi «boda, boda», yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Kiswahili kilikuwa na neno mpaka, vijana hawakulitumia. Pengine ni kwa sababu «boda» haikutaja mstari bali jengo la serikali, askari na mhuri. Leo neno bodaboda limeenea hadi vijiji visivyopakana na nchi yoyote, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba wanataja kipande cha barabara cha Busia.

Neno la pili ni magendo. Uchumi wa Uganda ulipoporomoka katika utawala wa Idi Amin, kahawa ilivushwa kwenda Kenya, na chumvi, sabuni na sukari zikarudi. Biashara hiyo iliitwa magendo kote Uganda, hata katika mazungumzo ya Kiganda na ya Kiingereza, na waliotajirika nayo wakaitwa «mafuta mingi». Mwalimu wa sarufi atasahihisha kuwa «mafuta mengi», na atakuwa amepoteza ushahidi: upatanisho huo ni wa Kiswahili cha mpakani na kambini, si cha darasani. Neno la tatu, njia za panya, halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kufika Sofia, upande wa Uganda.

Mkinzano uliopo unastahili kutazamwa. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka 1929. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Wakati karibu karne nzima ikipita katika mabishano hayo, soko la Busia lilikuwa likikitumia kila siku, na nchi iliyokisitia shuleni iliipa shida yake kubwa ya kiuchumi jina la Kiswahili.

Mwanya katika sera za leo

Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akirejea hali ya kabla ya 1902. Dai hilo lilififia, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka uliofuata. Jumuiya mpya imejaribu kuupunguza ukali wa mstari. Utaratibu rahisi wa biashara unawaruhusu wachuuzi wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 kuvuka kwa nyaraka chache, na Februari 2018 Marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia.

Kituo hicho kimewafaa wenye malori. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, hata hivyo, mpangilio wa kipaumbele ulionekana wazi: mizigo iliruhusiwa kupita, mtu wa miguu akazuiwa. Kwa lango, uamuzi huo una mantiki. Kwa makazi ambamo kisima, kanisa, msikiti au zahanati inaweza kuwa ng'ambo ya nguzo, ulikuwa na maana nyingine kabisa.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo wapangaji wa miji hii miwili hawawezi kulikwepa. Sango hutiririka kusini kuingia Sio, na Sio huingia Ziwa Viktoria. Alupe hutiririka kaskazini kuingia Malaba, na maji yake hufika Ziwa Kyoga kupitia mto Mpologoma. Mwanya wa Busia, kwa hiyo, uko juu ya mgongo wa ardhi unaogawa maji. Serikali zimeigawa Busia mashariki na magharibi; maji yanaigawa kaskazini na kusini. Mtaro unaochimbwa upande mmoja kuelekea Sango au Alupe humwaga taka katika kijito ambacho kingo zake ni za nchi mbili, na hakuna halmashauri moja inayoweza kukisafisha peke yake. Maji ya Viktoria nayo, yakishatoka Jinja kwa mto Nile, huenda kukutana na yale ya Alupe katika Kyoga.