Samahani, Nimekufananisha

Kariakoo, mtaa wa Kongo, jamaa alinikumbatia na kuniuliza mama anaendeleaje. Nikajibu kwa adabu: hajambo. Akauliza kama ile Fuso imeshatoka gereji. Hapo ndipo tulipotazamana vizuri. "Aa, samahani kaka, nimekufananisha," akasema, akapotelea kwenye watu.

Neno lake ndilo ninalolitetea. Ukieleza michezo ya jukwaani ambamo mtu hudhaniwa kuwa mwingine, ni rahisi kukimbilia "utambulisho wa kimakosa", istilahi ambayo hakuna aliyewahi kuitumia kuomba radhi sokoni. Kufananisha tunacho, na kina ujanja wake: kosa halimo ndani ya kitenzi. Mshairi akimfananisha mpenzi wake na mwezi hajakosea kitu. Lakini "nimekufananisha", basi, bila kusema na nani, tayari ni kukiri kosa.

Tulijaribu neno hili kwenye The Boys from Syracuse, mchezo uliofunguliwa Broadway, New York, Novemba 23, 1938. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ya nyimbo ya Lorenz Hart, hadithi na uongozaji wa George Abbott, aliyechota kwenye The Comedy of Errors ya Shakespeare. Shakespeare naye alikuwa amemchota Plautus wa Roma, akamzidishia: badala ya mapacha wawili akaweka wanne, mabwana wawili na watumwa wao wawili. Tena akawapa majina yale yale. Mabwana wote ni Antipholus, watumwa wote Dromio. Wangekuwa Kulwa na Doto, swali moja la mlangoni lingemaliza mchezo. Antipholus wa Syracuse anaingia Ephesus, mji wa watu. Mke wa pacha wake anamfananisha, anamchukua nyumbani kula. Mume mwenyewe anafungiwa nje.

Hata nje ya jukwaa mambo yalikuwa hayo hayo. Teddy Hart, mdogo wake Lorenz, alikuwa akifananishwa na mchekeshaji Jimmy Savo. Wakapewa wote wawili nafasi za akina Dromio.

Aina yenyewe ya mchezo naiita futuhi ya nyimbo. "Komedi ya muziki" inaeleweka, ila muziki waweza kupigwa pembeni tu, kama kwenye filamu. Hapa mhusika mwenyewe huimba, na wimbo husukuma hadithi. Luciana, ndugu wa yule mke, anapoimba This Can't Be Love na Antipholus mgeni, anadhani amempenda mume wa dada yake. Watazamaji wanajua siye. (Kwa hesabu za kwetu hata huyo pacha ni shemeji, lakini yaishe.)

Tusichanganye na mchezo mwingine wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi katika tafsiri ya Nyerere ya 1969. Portia anavaa nguo za kiume na kusimama mahakamani kama mwanasheria. Huko si kufananishwa, ni kujifanya: aliyekosea ametegwa. Kwa Antipholus hakuna aliyetega mtego.

Basi, ndugu mfasiri, mmoja uuite futuhi ya kufananishwa, mwingine futuhi ya kujifanya. Na mhariri akikuandikia "utambulisho wa kimakosa" pambizoni, ufute.