Maporomoko Yaliyozama Jinja

Mvua inyeshayo katika nchi ya Busia huifikia Misri kwa njia mbili. Ile iingiayo mto Sio humwagika katika Ziwa Victoria, nayo haina mlango mwingine wa kutokea ila Jinja, mahali bwawa lilipo. Lakini mvua ya upande wa Kocholia huufuata mto Malaba, ambao huingia Uganda, hujiunga na mto Mpologoma, hufika Ziwa Kyoga, na kukutana na Nile wakati bwawa la Jinja limekwisha achwa nyuma. Basi mtu wa Kocholia atakaye kuliona bwawa hilo hana budi kulifuata mwenyewe: avuke mpaka Malaba, apite Tororo, kisha aelekee magharibi safari ya zaidi ya kilomita 120.

Wageni wengi hufika Jinja kila mwaka kutazama chanzo cha Nile. Ajabu ni kwamba kile walichosomewa vitabuni hakipo tena.

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali maji yalipotoka ziwani yakiruka juu ya mwamba. Aliwaona samaki wakirukaruka katika maporomoko, wavuvi wakiwangojea juu ya miamba, na viboko na mamba wakilala majini. Wenyeji walipaita Mawe, na hiyo ndiyo maana ya jina Jinja. Speke akapaita Ripon, jina la bwana mmoja wa kwao aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia, ambaye hakuwahi kupaona. Mwaka 1907 alikuja Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri wa makoloni. Aliyasifu maji yale, kisha katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908 akasikitika kwamba nguvu nyingi namna ile zilipotea bure.

Ilipita karibu miaka 50 kabla nguvu hizo hazijashikwa. Ukuta ulijengwa kwenye maporomoko ya Owen, kama kilomita 3 chini ya Ripon, urefu wake zaidi ya mita 800 na kimo chake kama mita 30. Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua tarehe 29 Aprili 1954. Siku hiyo Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa uhamishoni Uingereza, alikopelekwa na serikali ya kikoloni Novemba 1953, hata nderemo za ufunguzi hazikuweza kuwa za watu wote. Maji yalipanda nyuma ya ukuta, mwamba ukachongwa, na Ripon na Owen yote mawili yakatoweka. Juu ya ukuta ilipitishwa barabara, na mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018, malori yaliyotoka Malaba kwenda Kampala yalipita hapo juu ya bwawa.

Umeme nao ulikuja kwetu, au tuseme ulitupita. Tangu mwaka 1958 ulipelekwa Nairobi kwa nyaya zilizotoka Tororo, zikakatiza juu ya mashamba ya magharibi mwa Kenya, na kwa miaka mingi nyumba zilizokuwa chini ya njia yake ziliwasha taa za mafuta ya taa.

Msomaji aweza kuuliza: kama hili ni bwawa, ziwa lake li wapi? Ziwa lake ni Victoria lenyewe, zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Zamani mwamba wa Ripon ndio uliopima maji ya kutoka. Tangu 1954 kipimo kimo mikononi mwa watu. Misri, ambayo maisha yake ni Nile, haikukubali jambo hilo bila masharti. Ilichangia gharama ili ukuta uinuliwe kuliko ulivyohitajiwa na mitambo, ikaweka mhandisi wake Jinja, na ikapatanwa kwamba maji yaachiliwe kwa kiasi kile kile ambacho Ripon ingaliachilia. Hivyo maporomoko yaliyokufa yaliendelea kutoa amri. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, hata pwani za Kenya zikaonekana kurudi nyuma. Ukame ulikuwa sababu moja, lakini wataalamu walionyesha pia kwamba Jinja ilikuwa imepitisha maji kuliko mapatano.

Hadithi ilijirudia Bujagali, kilomita chache chini ya hapo. Wasoga waliyaheshimu maporomoko hayo kama makao ya mzimu, na wageni walikuja kuyashuka kwa mashua za mpira. Bwawa jipya lilipokamilika mwaka 2012, nayo yalikuwa yamezama. Sikatai kwamba umeme wake ulihitajiwa sana. Lakini anayedai kwamba hakuna kilichopotea hakuwauliza Wasoga.

Leo mgeni wa Jinja hupanda mashua, na nahodha humwonyesha maji yatokotayo juu ya mahali mwamba ulipokuwa. Jina la kituo cha zamani cha umeme sasa ni Nalubaale, ambalo ndilo jina la ziwa katika lugha ya wenyeji. Ukingoni imesimama sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948, wakati Ripon ilipokuwa bado ikinguruma.