Waha wa Korogwe

Ukiuliza wenyeji wa Korogwe ni nani, utatajiwa Wazigua na Wasambaa. Ni kweli. Lakini ingia kwenye kambi za mkonge usikie Kiha, Kibena na Kimakonde. Babu yangu, Muha wa Kasulu, alikuja huku kuwa manamba, kibarua wa mkataba.

Watu husema Waha walifuata pesa. Mimi naona pesa ndiyo iliyowafuata. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na baadaye kodi hiyo haikulipika tena kwa mtama. Mchaga alikuwa na kahawa. Muha alikuwa na ng'ombe, na chumvi ya Uvinza ambayo babu zake waliichemsha tangu zamani, lakini zao la kuuza nje hakuwa nalo. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, alichokuwa nacho cha kupakia humo ni mikono yake.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, mwaka 1893. Mashamba yalienea haraka kandokando ya reli ya Tanga, yakawa na njaa ya watu.

Kwa nini basi wasiajiriwe majirani? Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao mlangoni. Waliwauzia manamba mahindi, ndizi na mihogo, na kodi ikiwabana walichukua kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, wakaijaza kwa nafasi yao. Mtu anayelala kwake jioni ana ubavu wa kusema kesho siji. Wenye mashamba ya mkonge hawakulipenda hilo. Walimtaka wa mbali, na mwaka 1944 wakaunda SILABU, chombo chao cha kuwasaka vibarua mikoani na kuwaleta kwa treni na malori. Babu alisema alipimwa afya, akapewa blanketi, akapakiwa.

Mkataba ulipokwisha, wenzake wengi walirudi. Yeye alibaki kwa sababu ya bibi, Mzigua aliyekuwa na shamba la mahindi kwao. Ukoo ulimmegea mkwe kipande cha ardhi karibu na mto Pangani. Mshahara haukumzuia, ulikuwa mdogo mno kumzuia mtu yeyote.

Baadaye nailoni ikashusha bei ya mkonge, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mashine za korona, za kusindika mkonge, zikazimika moja baada ya nyingine. Kazi iliyowaleta watu ikaondoka, wao wakabaki. Wasio na wakwe kama wa babu walilima kati ya mistari ya mkonge uliotelekezwa, kwenye ardhi yenye hati ya mwingine. Ugomvi wa mashamba unaousikia Korogwe na Muheza hadi leo, sehemu yake kubwa ilianzia hapo.