Nyumba Zilizopimwa kwa Boriti

Anayeingia katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu huona kwanza wembamba wa vyumba. Ni virefu, lakini upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3. Sababu iko darini: paa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Kanuni hiyo haikumwacha hata sultani. Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, lilikuwa na nyua pana na birika la kuogea, ila vyumba vyake ni vyembamba vivyo hivyo.

Ndani, mafundi wa karne ya 18 walijenga zidaka safu kwa safu katika ukuta wenyewe, wakazipaka chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, kisha wakainakshi. Humo vilipangwa vyombo vya kaure kutoka China. Kabati huhamishwa, kidaka hubaki na ukuta wake.

Nje ipo baraza, iliyojengwa kwa mawe na chokaa kama kuta. Hapo mwenye nyumba alipokea wageni bila kufungua faragha ya jamaa zake.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Milango ya nakshi husifiwa sana, na inastahili. Lakini ukarabati unaohifadhi mlango na kubadilisha boriti kwa zege huipokonya nyumba kipimo kilichoizaa.