Kodi Mbili: Habari za Watu wa Nyanza Kusini na Vyumba vya Kupanga



Desturi ya taarifa hii ni kusoma kwanza hesabu ya fedha, kisha majina ya waliotutoka. Mwaka huu tumeona yafaa kuongeza kurasa chache za habari za kale, kwa kuwa katika vikao vyetu swali moja limerudi mara kwa mara, nalo halijapata jibu: Mwanachama akishindwa kulipa kodi ya chumba, je, hiyo ni shida ya chama, au ni shida yake mwenyewe? Kabla ya kutoa shauri, hapana budi kutazama tulikotoka.

Katika nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, babu zetu hawakujua kulipa fedha ili wapate pa kulala. Kwa desturi ya Wajaluo, kijana alijenga simba yake katika boma la baba. Alipokomaa, akawa na mke na mtoto, alitolewa kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe, baba yake akiwa pamoja naye, na jogoo, na shoka, na moto. Hata mtu wa ukoo mwingine aliyekuja kuomba ardhi, yule aitwaye jadak, hakutozwa fedha. Alilipa kwa heshima, na kwa kusimama pamoja na wenyeji wake siku ya shida.

Lugha ya Kiswahili ina neno moja, kodi, kwa mali inayotolewa kwa serikali na kwa fedha anazopewa mwenye nyumba. Katika historia yetu neno hilo halikukosea, maana kodi ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili.

Serikali ya Kiingereza ilipoingia, mwanzoni mwa karne ya 20, ilihesabu nyumba na kuitoza kila moja. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Sheria ya mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa vijana wasio na nyumba. Fedha hizo hazikuota shambani. Zilikuwako Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Zilikuwako katika mashamba ya masetla, na Nairobi, na bandarini Mombasa. Basi watu wa kwetu wakashuka mpaka Homa Bay, Kendu Bay na Karungu, wakavuka ziwa kwa meli, wakaifuata kazi. Hivyo kodi ya nyumba yake ndiyo iliyomtoa mtu nyumbani kwake, ikampeleka mahali alipolipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine.

Huko mjini chumba hakikuwa starehe. Mtu asiye na kazi wala pa kulala aliweza kukamatwa kwa kosa la uzururaji, kwa hiyo mlango wa kupanga ulikuwa kinga yake. Nairobi, katika miaka ya 1920, Mwafrika aliruhusiwa kujenga na kupangisha katika mtaa wa Pumwani, lakini watu walikuwa wengi na vyumba vichache. Wengi wakalipia nafasi ya kitanda tu. Mshahara nao ulikadiriwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera, na kwamba mke na watoto wanakula shamba la nyumbani. Serikali yenyewe ilikiri jambo hilo mwaka 1954, pale Kamati ya Carpenter iliposhauri kwamba mshahara wa Mwafrika umtoshe yeye pamoja na jamaa yake.

Ni nani basi aliyempokea mgeni aliyeshuka garini na kifurushi chake? Ni mtu wa ukoo wake. Alitandikiwa sakafuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mjini hapakuwa na jembe la kumpa, na mwenye nyumba akihesabu vichwa humo chumbani alipandisha kodi au aliwafukuza wote. Katika dhiki hiyo vyama vya kusaidiana vilipata nguvu. Tusisahau kwamba chama kilichotokana na mkutano mkubwa wa Lundha, Gem, wa Desemba 1921, kiliitwa tangu mwaka 1923 Chama cha Walipa Kodi cha Kavirondo cha Ustawi, chini ya uongozi wa Arkidikoni Owen. Kodi na ustawi vilikaa katika jina moja. Baadaye vyama vya koo vikaungana katika Luo Union. Kazi zao twazijua: kumpokea mgeni, kumtazama mgonjwa, kumsafirisha maiti.

Wako pia walioona kwamba kupokeana sakafuni hakutoshi. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga na wenzake waliandikisha shirika la biashara na akiba la Wajaluo, wakauza hisa kwa watu wa kawaida, wakajenga Ramogi House mjini Kisumu. Maana ya kazi ile ilikuwa wazi: watu wanaopanga waweza, kwa shilingi zao kidogo kidogo, kuwa wenye nyumba.

Wengine walidai haki yao kwa waajiri. Mombasa, mwaka 1939, wafanyakazi waligoma wakitaka wapewe nyumba au fedha za pango. Januari 1947 mji ule ule ulisimama siku 12, na ughali wa maisha, pamoja na kodi za vyumba, ulikuwa miongoni mwa malalamiko. Wengi bandarini walikuwa wana wa Nyanza. Madai yao hayakupotea. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, ama amwongezee juu ya mshahara fedha za kutosha kulipia pango. Kijana anayepokea posho ya nyumba leo ajue kwamba babu yake huenda aliigomea.

Sheria ya kuzuia kodi kupanda ovyo nayo ina umri. Ilianza mwaka 1940, wakati wa vita, ikatungwa upya mwaka 1959. Kwa sheria hiyo liliwekwa baraza la kusikiliza mashauri ya mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji asitolewe bila amri, wala vyombo vyake visikamatwe bila ruhusa. Ila ni kinga fupi, kwa maana inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya siku hizi vimekwisha kuupita mpaka huo. Aliye nje ya mpaka anakwenda mahakamani. Na asiye na fedha za wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Sasa tutazame nyumbani. Zamani mpangaji alikuwa yule aliyekwenda mbali. Leo yuko hapa hapa. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza mwaka 1979, kilileta watu; mpaka wa Isebania unaleta wafanyabiashara; Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya mjini Homa Bay vimeleta wanafunzi; na tangu mwaka 2013 makao ya kaunti mbili yameleta makarani na madereva. Mjane anayeuza samaki sokoni Homa Bay, na kijana wa bodaboda mjini Migori, huenda boma la baba zao liko mwendo wa saa chache tu, na bado mwisho wa mwezi wanabisha mlango wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba huyo naye, mara nyingi, ni mmoja wetu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata makazi ya kufaa. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kile kile, ili nyumba zijengwe. Twaweza kuiita kodi ya tatu. Anayekatwa afuate utaratibu wa kuomba nyumba hizo, asiache fedha zake ziende peke yao.

Tunarudi kwenye swali letu. Kwa nini vitabu vyetu vimejaa michango ya mazishi, na mchango wa pango hauonekani? Sababu tunaijua. Katika kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, iliyokwisha mwaka 1987, taifa zima lilisikia wazee wakieleza kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba mjini, lakini boma lake liko kwao. Chumba cha kupanga hakikuhesabiwa kuwa kwake mtu. Kwa hiyo tulimngoja afe ndipo tumpeleke nyumbani kwa heshima.

Hatusemi desturi hiyo iachwe. Tunasema kwamba katika vyumba hivyo ndimo wanamolala watoto wetu na kusoma vitabu vyao. Mlango unapong'olewa kwa deni la mwezi mmoja, mtoto hukosa shule, mama hupoteza mtaji wake, na deni dogo huwa anguko kubwa. Waliotutangulia walimpokea aliye hai kwanza. Kumsafirisha maiti kulikuwa kazi yao ya mwisho, si ya kwanza.

Tunaleta basi mashauri matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, kila mwanachama anayepanga adai stakabadhi kila alipapo kodi, na kila mwanachama anayepangisha aitoe bila kuombwa. Pili, kamati iteue wazee wawili wa kusikiliza ugomvi wa pango kati ya wanachama kabla haujafika kwa chifu au mahakamani. Tatu, sehemu ya akiba itengwe iwe mkopo wa pango la mwezi mmoja, usio na faida, kwa mwanachama aliyepatwa na ugonjwa au aliyepoteza kazi, naye aurudishe kidogo kidogo.

Wazee wetu walilipa kodi mbili, wakatusomesha. Tunaomba mashauri haya yapigiwe kura.