Pesa Zilivyosafiri Kutoka Kalerwe

Kabla ya mwaka 2009 wachukuzi na wauza mboga wa soko la Kalerwe, njia ya Gayaza, walituma pesa nyumbani kwa bahasha aliyobeba dereva wa basi. Risiti haikuwapo, imani ndiyo iliyokuwapo. Baadhi yetu tulisomeshwa kwa bahasha hizo.

Simu zilipoenea, walinunua vocha, wakamsomea namba zake mwenye simu kijijini. Yeye alikata chake, akampa mama fedha taslimu.

Machi 2009 MTN ilianzisha nchini Uganda huduma ya kutuma pesa kwa simu. Lakini laini husajiliwa kwa kitambulisho; asiyenacho bado humtegemea mwenzake. Basi, uliyekabidhiwa bahasha, ifikishe kamili: ndani mna ada ya mtoto.