Ngozi ya sato juu ya kidonda cha moto

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, sato wa ziwani hukaangwa mpaka akakauka, akaliwa na ngozi yake. Huko Fortaleza, Brazili, ngozi ya sato, samaki wa asili ya bonde la Nile aliyevushwa bahari ili afugwe, hufunika vidonda vya walioungua. Matibabu hayo yalianza 2016.

Kutafuta kifuniko cha kidonda ni kazi ya zamani. Mwaka 1869 Jacques-Louis Reverdin, daktari Mswisi aliyekuwa Paris, alipandikiza vipande vidogo vya ngozi juu ya kidonda kibichi, vikashika. Lakini aliyeungua karibu mwili mzima atoe wapi ngozi nyingine? Katika miaka ya 1960 kikaja kifaa cha kutoboatoboa kipande cha ngozi, kikavutika kama wavu wa mvuvi na kufunika eneo kubwa zaidi.

Boston ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1981 John Burke na Ioannis Yannas walitangaza ngozi bandia iliyotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na kiini cha gegedu ya papa, juu yake utando wa silikoni. Mishipa ya damu ya mgonjwa huota ndani yake. Baada ya wiki chache silikoni hubanduliwa, ikapandikizwa ngozi nyembamba ya mwenyewe. Miaka miwili baadaye, mji huohuo, watoto wawili wa familia moja walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili walifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na kipande chao kidogo kilichosalia. Wakapona.

Afrika Mashariki upasuaji wa aina hii ulikuja kwa ndege. Michael Wood, mwanafunzi wa Archibald McIndoe aliyewatibu marubani walioungua vitani, alianzisha pamoja naye na Tom Rees huduma ya madaktari wa angani mwaka 1957. Ndiyo AMREF ya leo.

Bidhaa za Boston, hata hivyo, ni ghali mno. Kwa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, akafikishwa labda kilimani Nyamitanga, mjini Mbarara, ilipo hospitali ya watoto ya Holy Innocents iliyofunguliwa 2009, dawa ya kawaida ya majeraha ni krimu na shashi. Shashi hugandamana na nyama, na kila inapobadilishwa ni kilio upya.

Hapo ndipo sato anapostahili heshima yake. Ngozi yake ina kolajeni nyingi, hushika kidonda na kukaa siku kadhaa bila kubanduliwa. Mwaka 2018 California waliibandika hata miguuni mwa dubu walioungua, wakaifunga kwa maganda ya mahindi.

Si ya kutoka sokoni moja kwa moja, wala ya kujaribiwa nyumbani: husafishwa, huuliwa vijidudu, hutiwa gliserini na kupigwa mionzi. Hufaa jeraha lisilofika ndani sana. Likiwa limefika, daktari wa upasuaji hurudi kulekule kwa Reverdin, kuchuna ngozi nyembamba, mara nyingi pajani pa mgonjwa.